Baina ya 'Lima' na 'Tulime'

Msafiri atokaye Thika kwenda Nyeri hufika Kenol, mji wa Kaunti ya Murang'a ambapo barabara hugawanyika na tawi moja kuelekea Maragua na Murang'a mjini. Mji huo ulipata jina lake kutokana na kituo cha petroli. Mwaka 2019 kampuni yenyewe, iliyokuwa ikiitwa KenolKobil, ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa. Hata hivyo, jina la mji halikubadilika. Mwanaisimu hastaajabu hata kidogo. Neno likishakubaliwa na wenyeji, hudumu hata baada ya aliyelileta kuondoka. Nadiriki kusema kwamba kazi ya kuponya udongo na mito nayo hufuata kanuni iyo hiyo.

Haja ya kuiponya haina mjadala. Kutoka safu za Nyandarua huteremka Maragua, Mathioya, Thika na Chania, mito ambayo hatimaye huingia Tana. Mashamba ya huko ni madogo na yamelala kwenye miteremko mikali. Mvua za masika zinapopiga, maji hugeuka mekundu kwa udongo. Udongo huo hausahau njia: husafiri hadi bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ukatulia humo na kupunguza nafasi ya maji. Jiji la Nairobi nalo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka eneo hili, hasa kupitia bwawa la Ndakaini. Kwa hiyo jembe la mkulima wa Murang'a lina uhusiano na bomba la mkazi wa Nairobi, wajue wasijue.

Tatizo hili si geni. Serikali ya kikoloni ililiona na ikachagua dawa: matuta na nyasi za kuzuia mmomonyoko. Kitaalamu, dawa ilikuwa na mantiki. Lakini ilitolewa kwa kitenzi cha kuamuru: Lima! Panda! Waliolazimika kulima walikuwa hasa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wakifanya kazi mbali na nyumbani. Upinzani ulipamba moto mwaka 1947. Mwezi Aprili mwaka uliofuata, wanawake wapatao 2,500 walifika makao makuu ya wilaya ya Fort Hall, kama Murang'a ilivyoitwa enzi hizo, wakiimba na kucheza. Walitangaza kwamba hawatapanda nyasi wala kushiriki katika kazi hiyo ya udongo, kwa sababu kazi za nyumbani zilikuwa zimewatosha.

Je, wanawake hao walikuwa maadui wa ardhi? La hasha. Waliikataa sarufi ya amri ile. Asemaye 'lima' anaweza kusimama kivulini mikono mfukoni, ilhali asemaye 'tulime' amekwisha kujihesabu miongoni mwa walimaji. Tofauti ya viambishi hivi ni ndogo kwenye ubao wa darasa, lakini kwenye mteremko wa Murang'a ilitosha kuamua kama tuta lingejengwa au lingeachwa.

Miaka 29 baadaye, mwaka 1977, Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Nyeri, alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Waliopanda miti hiyo walikuwa tena wanawake wa vijijini. Mwanzoni maafisa wa misitu waliitwa kuwafundisha. Maelezo yao yalijaa istilahi kuhusu mwinamo wa ardhi na miale ya jua, na akina mama wakabaki wameduwaa. Maathai aliwashauri watumie akili zao za ukulima, kwani walikuwa wakiotesha mbegu tangu utoto. Waliotesha miche hata katika vyungu vilivyovunjika. Kufikia mwaka 2004, alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobeli, vuguvugu lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30. Mikono ilikuwa ya watu wa aina ile ile waliogoma mwaka 1948. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na neno.

Leo sheria inakubaliana na somo hilo, angalau kwa maandishi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, inaitaka Serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kutunza mazingira. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa maji vinavyoundwa na wakazi wa bonde husika. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika, ili kuwasaidia wakulima wa huku juu kujenga matuta, kupanda nyasi na miti, na kuvuna maji ya mvua. Huu ni msaada wa haki, kwa kuwa anayenufaika chini huchangia kazi ya anayeishi juu.

Hata hivyo, sisi walimu wa lugha tunajua kwamba umbo la neno na maana yake huweza kupishana. Ipo 'tulime' ambayo tafsiri yake halisi ni 'limeni'. Niliwahi kuhudhuria mkutano wa watumiaji wa mto mmoja, si mbali na Kenol. Mtaalamu alizungumza Kiingereza kwa muda wa saa nzima, na mkalimani akaufupisha mhadhara huo kwa sentensi tano. Kisha ajuza mmoja akainuka, akauliza: 'Mwanangu, ukingo huo ukiuzungushia ua, nyasi za ng'ombe wangu nitakata wapi?' Ramani nzuri zile hazikuwa na jibu. Kwake yeye ukingo ulikuwa ghala la chakula cha mifugo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla ya mpango kuandikwa.

Atatokea mtu wa kusema kwamba mto unaokufa hausubiri mashauriano. Nakiri kwamba sheria ni lazima, hasa dhidi ya mwenye nguvu anayejenga au kumwaga taka mtoni. Lakini mche uliopandwa kwa amri humwagiliwa maji siku ambayo afisa yupo. Mche wa mwenyewe humwagiliwa hata siku za Jumapili.

Ninawaelekea basi walimu na wanafunzi. Mipango ya kuhifadhi mabonde aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa kabatini. Mwanafunzi wa chuo aliye likizoni anaweza kuutafsiri mpango wa mto wa kwao kwa Kiswahili na Kikuyu, akausoma mbele ya kikao, kisha akaandika majibu ya wazee bila kuyapamba. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi wakusanye majina ya miti ya asili kama mugumo, muringa na muiri, pamoja na matumizi yake na mahali ilipokuwa ikiota. Utafiti huo hauhitaji mfadhili.

Nawe, msomaji unayealikwa kuunga mkono kazi ya namna hii, uliza swali moja kabla ya kutoa mchango wako: katika kikao kile, je, yule ajuza angeweza kusema 'hapana' kwa lugha yake, na mpango ukabadilika?