Harufu Mbaya Ndani ya Gari

Kapu la samaki likisafirishwa kwa gari kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam, aghalabu maji yake huvuja na kuzama katika zulia. Siku ya pili, gari likiisha kushinda juani huku vioo vimefungwa, mwenyewe hufungua mlango na kurudi nyuma. Jambo la kwanza wafanyalo wengi ni kununua manukato. Baada ya saa chache huwa na harufu mbili badala ya moja.

Harufu ni molekuli zilizoachana na kitu fulani, zikaenea hewani hadi zikafika puani. Joto huongeza mvuke huo, ndiyo sababu gari lililofungwa juani hunuka kuliko lililo kivulini. Manukato hayaondoi molekuli hata moja ya uvundo. Huishughulisha pua tu.

Katika nyama ya samaki wa baharini mna kemikali iitwayo trimethilamini oksidi, isiyo na harufu, ambayo humsaidia kustahimili maji ya chumvi. Samaki akiisha kufa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, nayo huchemka penye nyuzi 3 hivi za Sentigredi. Kwa hali ya hewa yetu ni gesi. Lakini trimethilamini ni alkali. Ikikutana na tindikali hufanyika chumvi, na chumvi hiyo hairuki hewani. Wapishi wa pwani waoshao samaki kwa ndimu wanaifanya kemia hii kila siku, bila ya maabara. Mwalimu anaweza kuionyesha darasani: atie maji ya samaki katika vikombe viwili, kimoja akikamulie ndimu, kisha wanafunzi wanuse.

Basi zulia na lioshwe kwa sabuni, lipakwe siki iliyozimuliwa kwa maji, lisuuzwe, na kuanikwa hadi likauke pande zote mbili. Penye unyevu bakteria huendelea na kazi yao.

Maziwa yakimwagika, mambo hugeuka. Mafuta yaliyomo huvunda na kutoa tindikali ya butiriki, na hapo siki haifai kitu. Hutakiwa alkali hafifu, kama bikaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi tupikiayo maharage. Jambo moja la hatari: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na siki, kwani hutoka gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Iko harufu nyingine ambayo haifai kufukuzwa kabla ya kujulikana itokako, nayo ni ya moshi wa injini. Pamoja na moshi huo huja kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Abiria huumwa kichwa, husinzia, na huweza kufa wakidhaniwa wamelala. Harufu ya ule moshi ndiyo dalili pekee ipatikanayo puani, na mwenye kunyunyiza manukato huificha. Dereva aisikiapo na ashushe vioo vyote, azime injini, awatoe abiria nje. Kisha fundi alikague bomba la moshi kama limetoboka, na mpira wa mlango wa nyuma kama umechakaa.