Fondu: picha inayozimika polepole, na mambo ambayo video haisemi



Familia moja ya parokia yetu hapa Lubumbashi iliniomba nitengeneze video ya kilio cha mama yao. Mtoto wao wa kwanza yuko Ubelgiji, hakuweza kufika. Yeye angeona maziko ya mama yake kwa njia ya video tu. Nilikuwa na saa sita za picha: nyumbani, kanisani, makaburini, kisha watu wakirudi na kunawa mikono. Nikazipunguza mpaka dakika 40. Kati ya kipande na kipande niliweka ukurasa unaojipindua, nyota inayozunguka, mlango unaofunguka. Nilijiona fundi kweli. Mahali pamoja tu sikuweka kitu, kwa sababu niliona saa ile ni nzito mno kwa nyota.

Yaya yule alipiga simu usiku. Juu ya nyota hakusema neno. Aliuliza: "Mdogo wangu, mchungaji alipotaja jina la mama, kulitokea nini? Mbona mara moja sanduku liko shimoni?"

Saa mbili nzima zilikuwa zimepita pale. Mimi nilijua, kwa kuwa nilikuwepo. Yeye angejuaje?

Kitu nilichokosa kinaitwa fondu. Wengi wetu tunatumia programu zenye lugha ya Kifaransa, na neno hilo mmeshaliona kwenye orodha ya mabadiliko. Fondu ya kwenda kwenye weusi huzima picha polepole, na ya kutoka kwenye weusi huiwasha. Fondu ya kuunganisha huzima picha moja huku ikiwasha nyingine juu yake. Hii ya mwisho katikati yake ina picha mbili pamoja, kila moja nusu. Anayejua picha za Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa Lubumbashi, ataelewa upesi: katika mfululizo wake "Mémoire" wa mwaka 2006 aliweka watu wa picha za zamani za ukoloni mbele ya mabaki ya viwanda vya Gécamines, nyakati mbili mahali pamoja. Fondu inafanya hivyo kwa sekunde moja, kisha inaachilia.

Si jambo jipya. Mfaransa Georges Méliès aliitumia katika filamu yake "Cendrillon" ya mwaka 1899. Zamani zile mtu alifunga jicho la kamera polepole, akarudisha filamu nyuma, kisha akalifungua tena polepole juu ya filamu ileile. Akikosea, kazi yote imeharibika. Sisi tunavuta kwa kidole.

Na ni kuvuta kweli. Katika Shotcut, ambayo ni ya bure, ukipeleka kishale kwenye kona ya juu ya kipande utaona duara dogo. Livute kuelekea ndani, fondu imekwisha kuwapo. Ukitaka kuunganisha vipande viwili, sukuma cha pili kipande kidogo juu ya cha kwanza. Windows Movie Maker ya zamani nayo ilikuwa hivyo, wazee wa kazi hii wanakumbuka.

Hapo ndipo wengi wanaanguka. Vipande vikipandana, muda unaliwa. Vipande viwili vya sekunde 10, vikipandana kwa sekunde 2, vinatoa sekunde 18, si 20. Weka fondu 20 za namna hiyo na umepoteza sekunde 40. Kama wimbo wa kwaya ulikuwa umeupanga chini tangu mwanzo, midomo na sauti haviendi tena pamoja. Kwa hiyo weka fondu zote kwanza, muziki baadaye. Tena usikate kipande karibu sana na mwisho wake. Fondu inahitaji sekunde za ziada pande zote mbili, na sekunde hizo zitaonekana: kama mwishoni mpiga picha alishusha kamera na kupiga viatu vyake, viatu vitatokea juu ya uso wa bibi arusi.

Sauti ina hesabu yake. Ukishusha sauti moja na kupandisha nyingine kwa mstari ulionyooka, katikati kila moja iko kwenye asilimia 50, na sikio linasikia shimo, kama mtu aliyefunika kinywa. Ukiweza kupinda mstari, acha kila sauti ipite katikati kwenye asilimia 71 hivi. Shimo linatoweka. Hii ni kwa sauti mbili tofauti, mfano mahubiri na kwaya. Na mara nyingi ni vizuri sauti itangulie: nyimbo za makaburini zianze kusikika wakati picha bado iko kanisani.

Sasa neno gumu zaidi. Juzi niliombwa kufupisha hotuba ya mzee mmoja katika mapatano ya familia mbili. Alisema "tumesamehe". Dakika mbili baadaye akasema shamba lirudishwe. Ukikata dakika zile na kuunganisha kwa fondu ya kuunganisha, mzee anaonekana kama kivuli juu ya mwili wake mwenyewe; si pazuri, lakini angalau mtazamaji anajua kitu kimeondolewa. Mimi napendelea weusi wa nusu sekunde. Lakini ukiondoa lile la shamba kabisa, hakuna fondu itakayokuokoa. Fondu inasema muda umepita, haisemi ulichotoa. Niliacha maneno yote mawili, video ikawa ndefu, na wengine walinung'unika.

Video ya kilio niliirudia. Nyota zote zikatoka. Baada ya jina la mama, picha inazimika kwa sekunde 3, wimbo unaendelea, weusi unakaa kidogo, kisha barabara inaonekana kupitia kioo cha gari, watu wakitembea pembeni na matawi mikononi. Kipande hicho cha barabara nilikuwa nimekitupa mara ya kwanza, nikiona hakina kitu.

Kabla ya kutuma, iangalieni kwenye simu ndogo, ikiwa imepita WhatsApp. WhatsApp inabana video, na weusi unaokuja polepole sana hugeuka mistari na madoa. Kwangu sekunde 3 ndiyo mwisho. Kati ya nyimbo mbili za kwaya, sekunde 1 inatosha. Na pale ambapo kamera imegeuka tu kutoka kwa mwimbaji mmoja kwenda kwa mwenzake, kateni bila fondu yoyote, maana hapo hakuna muda uliopita.