Akiba ya Mfanyakazi Isifanywe Hatia

Wahenga walisema akiba haiozi. Neno hilo mfanyakazi hulisikia tangu utotoni, na hulisikia tena katika mikutano ya chama cha wafanyakazi na ya ushirika: weka kidogo, maana hujui kesho itazaa nini. Lakini ziko sheria ambazo kwazo akiba hiyo hiyo humgeukia mwenyewe siku anapougua. Leo twapenda kulitazama jambo hili kama lilivyo nchini Uingereza, kwa sababu nchi hiyo imejaribu kuwalipa wagonjwa kwa haki ya michango, na imejaribu pia kuwapima mali zao kwanza. Nyufa za nyumba ya mwenzako ni funzo kwako wewe unayejenga.

Mwaka 1931, uchumi ulipodorora, serikali ya Uingereza iliamuru kwamba mtu asiye na kazi, muda wa bima yake ukiisha, apimwe mali kabla ya kusaidiwa. Maofisa walipiga hodi majumbani wakauliza mshahara wa kijana, pensheni ya mzee na fedha iliyowekwa benki. Wafanyakazi waliichukia sheria hiyo kwa moyo wote. Ndipo mwaka 1942 Sir William Beveridge alipotoa taarifa yake mashuhuri, akaonyesha kwamba raia hupenda kulipwa kwa haki ya michango yake kuliko kwa hisani, na kwamba kipimo cha mali huonekana machoni pa watu kuwa ni adhabu kwa aliyejinyima akaweka akiba. Bima ya Taifa ilianza kazi tarehe 5 Julai, 1948. Hata hivyo kipimo cha mali hakikufa. Kilibaki pembeni kwa wale ambao bima haikuwatosha, na tangu hapo kimekua.

Leo mgonjwa wa huko hukuta milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa michango. Malipo yaitwayo New Style Employment and Support Allowance hupewa mtu ambaye ugonjwa au ulemavu umempunguzia nguvu za kazi, iwapo alilipa Bima ya Taifa ya kutosha katika miaka ya karibuni. Hapo haulizwi ana kiasi gani benki. Lakini kwa wale wanaohesabiwa kwamba waweza kujitayarisha kurudi kazini, malipo hayo hukoma baada ya siku 365.

Mlango wa pili ni wa ulemavu wenyewe. Huko England na Wales yapo malipo yaitwayo Personal Independence Payment, ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu kukabili gharama zinazomzidi mwenziwe aliye mzima. Hapo pia akiba haihesabiwi. Kinachotazamwa ni jinsi hali yake inavyomzuia kujihudumia na kwenda atakako.

Mlango wa tatu ndio wenye mizani. Msaada uitwao Universal Credit, ulioanza mwaka 2013, humtazama mtu mali aliyo nayo. Mwenye akiba isiyozidi paundi 6,000 haguswi. Mwenye zaidi ya paundi 16,000 hapati kitu. Aliye katikati hukatwa paundi 4.35 kila mwezi kwa kila paundi 250, au sehemu yake, zilizopita zile 6,000. Akiba ya mume na mke hujumlishwa pamoja.

Tufanye hesabu. Fundi aliyeweka paundi 10,000 amezidisha 4,000, yaani mafungu 16 ya paundi 250. Atakatwa paundi 69.60 kwa mwezi, nazo kwa mwaka ni paundi 835.20. Ni kama kusema kwamba kila paundi 100 za ziada humletea karibu paundi 21 kwa mwaka. Ni benki gani imlipayo mfanyakazi faida ya namna hiyo? Maana yake ni moja: ale akiba yake kwanza, kisha aje. Tena asithubutu kuigawa ili apate msaada, kwani ofisi ikiamini alifanya hivyo kwa kusudi, itamhesabu kuwa bado anayo. Kulipa deni lake kwaruhusiwa.

Twajua yako maneno ya upande wa pili. Hazina ya serikali si bahari, na fedha ya umma yapasa imfikie kwanza asiye na kitu. Hoja hiyo ina uzito, na hatuidharau. Lakini mipaka hiyo ya paundi 6,000 na 16,000 ni ile ile iliyowekwa mwaka 2006, na tangu wakati huo bei za vitu zimepanda sana. Mpaka usiosogea wakati bei zinakimbia huwa unashuka kila mwaka bila Bunge kupiga kura. Tena, nyumba anayokaa mtu haihesabiwi. Basi aliyekwisha kununua nyumba husalimika, na mpangaji ambaye bado anakusanya fedha ya kununulia ndiye anayekatwa. Hiyo si haki sawa.

Sisi Watanzania twajifunza nini? Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii humlipa mwanachama aliyepoteza nguvu za kazi kwa kutazama michango yake na hali ya mwili wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, humfidia aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Kwa mifuko hiyo miwili, shilingi zilizomo katika kitabu chake cha benki si kosa. Msingi huo ni mzuri, na hatuna budi kuulinda.

Lakini haki ya michango husimama juu ya michango yenyewe. Mwajiri anayekata mshahara wa watu wake asiufikishe mchango mfukoni anamnyang'anya mgonjwa wa kesho. Kwa hiyo twawaambia wafanyakazi wote: ulizeni hesabu zenu mngali wazima. Na kwa wakulima, wachuuzi na mafundi wanaojitegemea twasema: haki hii haitawafikia mpaka nao wachangie, na ni wajibu wa viongozi kuwarahisishia njia. Watu waliochangia pamoja hawana haja ya kupimana mifuko siku ya maradhi.