Gari la Kijani Juu ya Kichwa

Wanangu, sogeeni hapa mezani. Kabla hatujafungua kitabu chochote cha katuni, nataka tulitazame jalada moja polepole.

Juu kabisa pana maandishi makubwa mekundu: Action Comics. Chini yake amesimama mwanamume mwenye nguo za buluu zilizombana mwilini, joho jekundu likipepea mgongoni. Ameinua gari zima la kijani juu ya kichwa chake, analipigiza kwenye mwamba. Gurudumu limechomoka, vipande vinaruka huku na huku. Watu watatu wametiwa kiwewe. Mmoja wao yuko pembeni kushoto, karibu nasi kabisa, anakimbia kuja tulipo huku amejishika kichwa, macho yamemtoka pima. Nyuma yao anga si la buluu, ni la njano. Bei ni senti 10 za Marekani. Tarehe ni Juni 1938.

Haya, nitafutieni jina la huyo mwenye nguvu. Hamtaliona. Jalada halisemi yeye ni nani, wala halisemi kama ni mtu mwema au ni jambazi anayevunja mali za watu. Aliyetaka kujua ilimbidi atoe senti zake 10 na kufungua. Ndivyo Superman alivyoingia duniani.

Waliombuni walikuwa vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, kila mmoja akiwa na miaka 23. Siegel alitunga, Shuster akachora. Haki zote za Superman waliziuza kwa dola 130. Inasimuliwa kwamba mwenye kampuni iliyomchapisha, Harry Donenfeld, alipoliona jalada lile hakulipenda hata kidogo: nani ataamini kwamba mtu anaweza kuinua gari? Toleo la pili likatoka bila Superman kwenye jalada. La tatu vilevile. Lakini watoto walikuwa wanakwenda vibandani kuulizia kile kitabu cha Superman, na kufikia toleo la 7 akarudishwa mbele.

Mnajiuliza kwa nini anga lilipakwa njano. Fikirini meza ya muuza magazeti pale kituo cha basi. Magazeti yamelaliana kama vigae vya paa, watu wanapita mbio, jua linawaka. Marekani ya miaka ile vitabu vya katuni viliuzwa katika vibanda vya namna hiyo na katika maduka ya dawa. Wachapaji walikuwa na wino wa aina nne tu, yaani buluu, waridi, njano na mweusi, na rangi nyingine zote zilipatikana kwa kuchanganya nukta ndogondogo za hizo nne. Kurasa za ndani zilikuwa karatasi hafifu ya gazeti, rangi zikafifia. Jalada lilipewa karatasi nzuri yenye kung'aa, maana lilikuwa na kazi ya kumsimamisha mpita njia, na ndiyo kazi ya anga lile la njano.

Nimeyatazama majalada kwa miaka mingi, nami nina hakika na jambo hili: mchoraji hulichora jalada kwa ajili ya mahali litakapouzwa. Mahali pakibadilika, jalada nalo hubadilika. Shikeni hilo, mengine yote yatafunguka yenyewe.

Wakati mwingine mchoraji alikuwa na zaidi ya biashara moyoni. Desemba 1940, Joe Simon na Jack Kirby walitoa toleo la kwanza la Captain America, na kwenye jalada shujaa huyo anamtandika Hitler ngumi ya taya. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Iliingia mwaka mzima baadaye. Kirby alizaliwa New York katika familia ya Kiyahudi, na aliyokuwa akiyatenda Hitler yalimhusu sana. Vitisho vikaanza kuletwa ofisini kwao, hata polisi wakawekwa kuwalinda. Mchoro mmoja tu, wanangu!

Vita vilipokwisha, wahariri walitafuta kila hila ya kuuza. Mwaka 1951, mhariri Julius Schwartz alitoa jalada la Strange Adventures lenye sokwe aliyefungiwa ndani ya kizimba. Sokwe huyo amemwonyesha msichana maandishi ya kumsihi amwamini kwamba yeye ni mtu aliyegeuzwa. Toleo lile lilinunuliwa kuliko kawaida. Wakajaribu sokwe mwingine, nalo likanunuliwa. Schwartz alisimulia kwamba mwishowe kila mhariri alitaka sokwe wake, mpaka ikabidi iwekwe amri: sokwe mmoja tu kwa mwezi.

Lakini wengine walichagua kuuza kwa hofu. Majalada ya kutisha yalizidi kuwa ya damu, na mwaka 1954 wazazi na wanasiasa wakasema basi. Katika kikao cha maseneta kilichofanyika New York, seneta Kefauver aliliinua jalada lenye shoka na kichwa kilichokatwa, akamuuliza mchapishaji William Gaines kama anaona lina staha. Gaines akajibu kwamba, kwa kitabu cha kutisha, ndiyo. Jibu hilo lilimgharimu. Wachapishaji wakajitungia kanuni zao wenyewe, na kila jalada lililokubaliwa likagongwa muhuri mdogo kwenye pembe ya juu, unaofanana na stempu ya barua. Kitabu kisicho na muhuri kilikosa wa kukisambaza. Hata maneno ya "kutisha" na "hofu" yalikatazwa kwenye vichwa vya vitabu. Jalada lile la shoka nisingemwonyesha mtoto mdogo. Hata hivyo naona walipita kiasi, kwa sababu kwa miaka mingi muhuri ule uliwafanya wachoraji wazuri wachore kwa woga.

Sasa njooni tufanye jaribio. Chukueni vitabu vitano, vipangeni kwa kulaliana, kila kimoja kiachiwe upenyo mdogo tu wa kuonekana upande wa kushoto. Mnaona nini? Ukanda wa kushoto na pembe yake ya juu, basi. Hayo ndiyo aliyoyaona Steve Ditko, mmoja wa waliomuumba Spider-Man. Akapendekeza kila kitabu cha kampuni yake, Marvel, kichorwe kisanduku kidogo kwenye pembe ya juu kushoto, ndani yake kukiwa na sura ya shujaa, jina la kampuni na bei. Kuanzia mwaka 1963 visanduku hivyo vikawekwa. Mtoto alipekua mafungu kwa kidole na kumwona Spider-Man wake bila kuvuta kitabu hata kimoja. Napenda sana ufundi wa namna hii. Inaonekana ni jambo dogo, kumbe mtu amekaa akaifikiria meza ya muuzaji.

Majalada yana siri zake pia. Julai 1966, katika toleo la 52 la Fantastic Four, alitokea Black Panther, shujaa Mwafrika. Kirby alikuwa amechora jalada ambalo kinyago cha shujaa huyo kiliacha uso wake mweusi wazi. Lililochapwa likamfunika uso mzima. Linganisheni na mwaka 1975: kwenye jalada la Giant-Size X-Men kundi jipya la mashujaa linapasua karatasi na kutoka kwa kishindo, na miongoni mwao yumo Storm, mwanamke mweusi anayeamuru mvua na radi, uso wake wazi kabisa. Ndani ya hadithi alipatikana Kenya. 

Baada ya hapo mahali pa kuuzia pakahama. Kufikia miaka ya 1980 wasomaji wengi wa Marekani walikuwa na maduka yaliyouza katuni tu. Anayeingia duka la namna hiyo hahitaji kupigiwa kelele. Amekwenda kwa miguu yake na anajua anachokitaka. Basi majalada yakatulia. Viputo vya maneno, ambavyo zamani vilijaa pale mbele, vikaanza kupungua. Toleo la kwanza la Watchmen, mwaka 1986, halina shujaa kwenye jalada: ni beji ya njano yenye uso unaotabasamu, na tone la damu. Dave McKean alitengeneza majalada ya The Sandman kwa kuunganisha picha za kamera, rangi na vitu halisi, na mara nyingi mhusika mkuu haonekani kabisa.

Maduka hayohayo yakaleta tamaa. Mwaka 1991 X-Men namba 1, iliyochorwa na Jim Lee, ilitoka na majalada matano tofauti, na zaidi ya nakala milioni 8 ziliagizwa. Watu walinunua tano tano wakidhani watatajirika. Hawakutajirika, kitu kilichomo katika kila nyumba hakiwi ghali. Action Comics namba 1 ndiyo iliyokuwa adimu, na mwaka 2024 nakala moja iliuzwa dola milioni 6.

Leo jalada huonekana kwanza kwenye simu, likiwa dogo kama ukucha wa kidole gumba, na picha yenye watu ishirini haisomeki hapo. Nairobi nako, kijarida cha Shujaaz kilipoanza mwaka 2010 kiligawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Kilifika mkononi mwa kijana bila kugombania nafasi mezani kwa muuzaji.

Turudi kwa gari la kijani. Superman alikwenda kwenye sinema, Shuster akabaki na umaskini na macho yaliyodhoofika. Ilipofika Desemba 1975 ndipo kampuni yenye haki za Superman ilipokubali kuwalipa yeye na Siegel dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na kuyarudisha majina yao kwenye hadithi za Superman.

Kwa hiyo mkitoka hapa, kila mmoja achukue kitabu kimoja cha katuni alicho nacho nyumbani. Tazameni jalada mpaka mjue lilichorwa liuzwe wapi. Kisha fungueni ukurasa wa kwanza, mtafute jina la aliyelichora, hata likiwa limeandikwa kwa herufi ndogo za kuumiza macho, mlisome kwa sauti.