Mti Uliorithiwa na Jiwe: Lugha ya Maelezo katika Makumbusho ya Mawe mjini Lubumbashi

Hewa Bora ni mtaa wa Lubumbashi ambao jina lake halihitaji mkalimani. Kila asemaye Kiswahili, awe wa Kigoma, wa Mombasa au wa Bukavu, analielewa mara moja; na akikumbuka kwamba mji huu umekua pembeni mwa bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911, ataelewa pia kwa nini jina la namna hiyo linavutia. Lakini mkazi huyohuyo wa Hewa Bora, ambaye huzungumza Kiswahili nyumbani, sokoni na katika basi, akiingia katika makumbusho ya mawe hukuta ameandikiwa Kifaransa, na zaidi ya Kifaransa, majina ya kitaalamu ambayo hata Mfaransa wa kawaida hayajui. Atatazama, atasifu rangi, atatoka.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu ambayo mgeni hukutana nayo katika makumbusho ya aina hiyo, yaani miti iliyo jiwe, visukuku na madini, na kuchunguza ni maneno gani ya Kiswahili yanayoyaeleza ipasavyo na ni yapi yanayopotosha. Ifahamike tangu mwanzo kwamba makumbusho madogo ya mawe, yawe ya chuo, ya shule, ya kampuni ya machimbo au ya mkusanyaji binafsi, hufuata karibu desturi moja: kabati za vioo, vipande vilivyopangwa kwa rangi au kwa mahali vilipotoka, na kibandiko chenye neno moja au mawili. Kampuni ya Union Minière ilikuwa na makumbusho ya jiolojia ya namna hiyo huko Likasi, yaliyoitwa Sengier-Cousin. Kibandiko ndicho mwalimu pekee wa mgeni asiye na kiongozi.

Tuanze na mti. Kifaransa husema *bois pétrifié*, na tafsiri inayomjia msemaji wa Kiswahili bila kufikiri ni «mti uliogeuka jiwe». Kisarufi tafsiri hii haina kosa. Tatizo liko katika kitenzi chenyewe. *Kugeuka* ni kitenzi cha hadithi: binti hugeuka ndege, nyoka hugeuka kijana, mkaidi hugeuka jiwe, na yote hutukia kufumba na kufumbua. Anayesikia kwamba mti umegeuka jiwe hupokea picha ya kitu kimoja kinachobadili umbo, na kwa sababu hajaelezwa njia iliyotumika, hujaza mwenyewe pengo hilo kwa muujiza au kwa uchawi. Wala hastahili kulaumiwa, kwani kitenzi kimemwelekeza huko.

Lililotukia kwa kweli ni karibu kinyume chake. Umbo ndilo lililobaki, na kitu chenyewe ndicho kilichoondoka. Gogo lilianguka na kufukiwa upesi na tope, mchanga au majivu ya volkano, mahali pasipokuwa na oksijeni ya kutosha kwa vijidudu kuliozesha. Maji ya chini ya ardhi, yaliyobeba silika iliyoyeyuka ndani yake, yakapenya katika vyumba vidogo vidogo vya seli za mti. Silika ikaganda ndani ya seli na katika kuta zake, huku ule ubao wenyewe ukiendelea kuoza polepole. Mwishowe hapakubaki mti, au palibaki chembe tu, lakini kila chumba, kila mshipa na kila duara la mwaka lilikuwa limeshikwa na jiwe. Nyumba ni ileile. Wapangaji wamehama mmoja mmoja, na kila anapotoka mmoja mwingine ameshaingia. Rangi nyekundu, njano au nyeusi zinazopendeza macho hutokana na chuma na manganizi zilizokuwamo majini.

Kwa hiyo kitenzi kifaacho si *kugeuka* bali *kurithi*. Mrithi hawi marehemu. Hushika mahali pake. «Mti uliorithiwa na jiwe» ni maneno manne tu yanayotosha kwenye kibandiko, na yanamfanya msomaji aulize swali lililo sahihi: alirithije? Wako watakaoona kwamba neno hili lina ushairi mno kwa matumizi ya sayansi. Lakini sayansi imejaa maneno ya namna hiyo. Kifaransa chenyewe kimelitoa *pétrifié* katika neno la Kiyunani la mwamba, na mtu aliyeduwaa kwa hofu huitwa vivyo hivyo. «Mbao za mawe», ambayo pengine husikika, ndiyo isiyofaa kabisa, kwa maana ubao ni mti uliokwisha kupasuliwa kwa msumeno.

Kuna kitu kingine ambacho kingewekwa karibu na mti huo ili maelezo yakamilike, nacho ni makaa ya mawe. Katanga inayo makaa hayo huko Luena, upande wa Bukama, katika miamba ya Karoo. Makaa ya mawe nayo ni mimea ya kale iliyofukiwa, ila mambo yamekwenda kinyume: kaboni ya mmea imebaki na umbo limepotea. Katika kabati moja, basi, mgeni angeona vifo viwili vya mti mmoja. Kiswahili kilikwisha kuliona jambo hili kwa njia yake, kwani makaa *ya mawe* hutofautishwa na makaa ya mti ambayo kila jiko la Lubumbashi linayajua.

Hapa linazuka jambo ambalo vibandiko havilisemi. Kipande cha mti wa jiwe kikionekana katika kabati la Lubumbashi, hakikutoka chini ya Lubumbashi. Miamba yenye shaba ya Katanga iliwekwa baharini zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, ilhali misitu ya kwanza inayojulikana duniani ina umri wa takriban miaka milioni 385. Miti haikuwapo, wala majani, wala samaki. Mti wa jiwe hutafutwa katika miamba michanga zaidi, kama ile ya Karoo. Mfano ulio karibu ni msitu wa mawe wa Chirundu nchini Zambia, na kwa wale wa Kenya kuna magogo ya Sibiloi kando ya Ziwa Turkana. Mgeni wa Hewa Bora anayeambiwa tu «mti wa kale» hudhani kwamba mahali pa nyumba yake palikuwa msitu, na hakuna wa kumwambia kwamba palikuwa bahari ya kina kifupi.

Je, bahari hiyo haikuwa na uhai? Ilikuwa nao, na masalio yake ni visukuku vya nyumbani hasa, ingawa mara nyingi hupitwa bila kutazamwa kwa sababu havifanani na kitu chochote. Vijidudu vidogo mno vya jamii ya sianobakteria vilitanda kama mkeka chini ya maji mepesi, vikanasa vumbi la chokaa, vikapanda juu yake na kutanda tena, tabaka juu ya tabaka. Matabaka hayo ya mawe huitwa stromatoliti. Wachimbaji na wanajiolojia wa Katanga wanayajua kwa herufi tatu, R.S.C., yaani *Roches Siliceuses Cellulaires*, mwamba mgumu wenye vishimo vishimo unaokutwa katikati ya matabaka yenye mbale za shaba. Na ugumu huo umetoka wapi? Umetoka kwa silika iliyochukua mahali pa dolomiti ya asili. Kazi ileile ambayo silika iliufanyia mti wa Chirundu, hapa iliufanyia mkeka wa vijidudu kabla mti wowote haujaota duniani. Kitenzi *kurithi* kinafaa pote pawili.

Neno *kisukuku* halina shida kubwa. Limezoeleka katika vitabu vya shule vya Tanzania na Kenya, na ngeli yake ya ki-/vi- inalichukulia vyema. Katika Lubumbashi, hata hivyo, ni neno geni kwa wengi, na mwandishi wa kibandiko hana budi kulifafanua angalau mara moja: alama au masalio ya kiumbe yaliyohifadhiwa katika mwamba. Baada ya hapo msomaji atalizoea, kama alivyozoea maneno mengi ya kiwandani.

Upande wa madini ndiko kwenye msongamano. Neno *madini*, lenye asili ya Kiarabu, limebebeshwa mizigo mitatu: kitu asilia chenye muundo wake wa kikemia, metali kama shaba au bati, na jiwe linalochimbwa ili metali itolewe. Kwa mizigo ya pili na ya tatu Kiswahili kina *metali* na *mbale*, na hakuna sababu ya kuyaacha yalale katika kamusi. Malakiti ni madini. Shaba iliyomo ni metali. Rundo la mawe linalopelekwa kiwandani ni mbale. Tofauti hizi zikishikwa, mtu ataelewa kwa nini kipande cha kijani chenye michirizi kizuri kupita vyote kabatini kilipatikana karibu na uso wa nchi: malakiti ni kabonati ya shaba inayozaliwa pale maji yenye hewa yanapofikia mbale za salfaidi na kuzibadili.

Wenyeji walizijua mbale hizo kabla ya jiolojia kufika. Wabemba na Wasanga huiita shaba *mukuba*, na misalaba ya shaba iliyofukuliwa makaburini Sanga, kando ya Ziwa Kisale, katika uchimbaji wa mwaka 1957 na 1958, inashuhudia jinsi metali hiyo ilivyothaminiwa. Msiri na Wayeke wake, waliotoka Unyamwezi, walivutwa na shaba hiyohiyo. Jina la Kiswahili nalo limeingia katika orodha ya madini ya dunia: mwaka 1989 madini mapya kutoka Kamoto, karibu na Kolwezi, yaliitwa shabaiti, kwa jina la jimbo la wakati huo. Jimbo liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, likarudia jina la Katanga, kisha likagawanywa mwaka 2015. Jina lililoachwa na serikali limebaki kwa jiwe. Kornetiti, yenye rangi ya buluu, ilielezwa mwaka 1912 kutokana na vipande vya mgodi wa Étoile, ambao wenyeji huuita Kalukuluku, pembeni mwa Lubumbashi yenyewe.

Limesalia jambo moja ambalo si la ufasaha tu. Baadhi ya mawe ya Katanga hayafai kushikwashikwa. Shinkolobwe, ambako urani iligunduliwa mwaka 1915, ndiko zilikotoka takriban tani 1,200 za mbale zilizopelekwa New York mwaka 1940 na baadaye kutumiwa katika utengenezaji wa bomu la atomiki. Mawe ya huko yana rangi za njano na machungwa zinazomvutia mtoto kuliko peremende. Wengi wamesikia habari za mawe hayo ya njano. Wachache wamesikia habari za kuprosklodoskiti, yenye jina la ukoo wa Marie Curie kabla hajaolewa: madini ya urani na shaba yanayopatikana Musonoi, kijani kibichi kama malakiti, yenye sindano nyembamba. Mtu akiyaweka mawe haya mawili kando kando, jicho lisilofundishwa huona kijani tu. Moja huchongwa mikufu na sanamu za kuuzwa mjini. Jingine hutoa mionzi.

Kibandiko cha kipande hicho, kwa Kifaransa, kinaweza kuwa na jina la madini na jina la mgodi tu, na mwanajiolojia hahitaji zaidi. Kwa mtoto wa Hewa Bora kingeandikwa hivi: «Jiwe hili lina urani. Linafanana na malakiti, lakini si malakiti. Litazame kupitia kioo. Usilishike, wala usilichukue ukiliona njiani.»