Wazee wa Mfongo: Kazi ya Kamati Isiyo na Mshahara

Mwezi huu tuzungumze juu ya watu wa kamati. Hapa kambini wako kila mahali: kamati ya maji, kamati ya shule, kamati ya usafi. Wengi wao hawalipwi kitu. Na kila wakati wa kuchagua wapya ukifika, watu wanaanza kutazama chini. "Mimi nina kazi nyingi." "Niende nikaitwe mwizi bure?" Ndivyo wanavyosema, na siwezi kuwalaumu.

Lakini kamati isiyo na watu ni bomba lisilo na mwenyewe. Basi tuangalie mfano mmoja wa hapa hapa Tanzania, nchi iliyotupokea. Ni mfano wa watu wa mlimani, kama wengi wetu tuliotoka milima ya Fizi, Uvira na Itombwe, au kwenye vilima vya Burundi. Ni Wachagga wa Kilimanjaro na mifereji yao ya maji, ambayo wao wanaiita mifongo.

Kilimanjaro ni mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895. Wengi wanajua ile theluji ya juu tu. Lakini chini ya msitu kuna vijiji, migomba na kahawa. Shida ya huko ni kwamba mito inapita chini kabisa kwenye mabonde, na nyumba ziko juu ya migongo ya mlima. Basi tangu zamani, kabla ya ukoloni, watu walipanda mpaka juu, wakaziba kijito kwa mawe, magogo na udongo. Kisha wakachimba mfereji mwembamba unaofuata ubavu wa mlima polepole mpaka kwenye mashamba. Hakuna pampu, hakuna injini. Wazungu waliofika huko karne ya 19 waliikuta mifongo hiyo ikifanya kazi, wakashangaa.

Kuchimba ni kazi ya mara moja, lakini kutunza hakuishi. Mvua kubwa ikija, inabeba mawe na magogo. Udongo unaporomoka, majani yanaziba. Mtu wa mwisho wa mfereji anaweza kulala bila maji kwa sababu ya mtu wa juu asiyemjua hata sura.

Kwa hiyo kila mfongo una watu wake wa kuusimamia. Kwa desturi mkuu wa mfongo alitoka katika ukoo wa yule aliyeuchimba kwanza. Baadaye mingi ikawa na kamati, na mwenyekiti wake na katibu wake. Wanaita watu kazini, wanapanga zamu za maji, wanaamua ugomvi. Siyo ajira hiyo. Ni wakulima kama wenzao, na wao pia wana migomba yao inayongoja maji.

Wamewezaje kuendelea vizazi vingi hivyo? Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza: kazi ni ya wote, kamati inaongoza tu. Siku ya kusafisha mfereji ikitangazwa, kila nyumba inayotumia maji inatoa mtu. Asiyekuja bila sababu anatozwa faini, na mkaidi anaweza kunyimwa zamu. Wakongo wenye umri watauliza: je, hii siyo salongo ya wakati wa Mobutu? Hapana, jamani. Salongo iliamriwa kutoka juu, na mara nyingi aliyelima hakuona faida. Kwenye mfongo, anayeshika jembe asubuhi ndiye anayepata maji shambani mwake. Jembe ni lile lile, lakini mwenye kuamua ni mwingine.

Ya pili: ugawaji unaonekana. Maji yakifunguliwa kwenda kwa fulani, majirani wote wanayaona yakipita. Mzee akimpendelea shemeji yake, habari inafika kabla ya maji. Hapa kwetu ugomvi mwingi wa kamati unatoka kwenye vitu visivyoonekana: nani alichangia pesa ya fundi, na iliyobaki iko wapi. Jirani yangu mmoja, mama wa kamati ya maji, alichoka kusikia kwamba "anakula". Akaandika michango yote kwenye karatasi, akaibandika pale bombani. Maneno hayakuisha yote, lakini yalipungua, na wale waliokuwa hawajatoa wakaanza kutoa.

Ya tatu: wamejifunza mambo ya karatasi. Sheria ya maji ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka kibali kwa matumizi mengi ya maji ya mto, na inaruhusu watumiaji kuunda jumuiya yao. Jumuiya inahitaji katiba, daftari na kumbukumbu za mikutano. Mzee anajua kila jiwe la mfereji, lakini kuandika ni kazi ya kijana aliyesoma. Vijana wenzangu mliomaliza sekondari, hapo ndipo mahali petu. Tusingoje mpaka tuwe wenyeviti. Tuwe makatibu wa wazee wetu.

Siyo kwamba kila kitu ni kizuri huko. Kwa desturi mambo ya mfongo yalikuwa ya wanaume, wakati anayebeba maji mpaka jikoni ni mama na binti. Tena vijana wengi wamehamia mjini, na mifongo mingine imekauka kwa kukosa mikono. Kumbe hata desturi ya miaka mingi inaweza kufa katika kizazi kimoja.

Neno la mwisho ni kwa familia. Baba au mama akiwa kwenye kamati, mzigo unaingia nyumbani. Kuna siku chakula kitachelewa. Kuna usiku watu watagonga mlango kwa sababu ya ugomvi wa foleni. Kuna siku mtoto ataambiwa shuleni kwamba mzazi wake ni mwizi. Mjumbe anayetoka nyumbani akiwa amegombezwa, na anarudi jioni akiwa ametukanwa, huyo hatamaliza mwaka. Hana mshahara, basi walau awe na heshima na msaada wetu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Je, tunawajua wajumbe wa kamati ya bomba letu kwa majina? Mara ya mwisho tuliwaambia asante lini?

2. Siku ya usafi ikitangazwa, nani wa nyumba hii anakwenda? Ni yule yule kila mara?

3. Kama siku moja tutarudi milimani kwetu na kukuta chemchemi imezibwa na udongo, nani ataita watu? Na sisi tukiitwa, tutakwenda?