Kutoka Kuorodhesha Hadi Kujenga Hoja: Insha ya Uhakiki katika Masomo ya Fasihi ya Kiswahili Chuoni



Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970. Tangu hapo, vizazi kadhaa vya wanafunzi vimesoma fasihi ya Kiswahili na kuihakiki kwa Kiswahili chenyewe. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, yapo mafanikio mengine ambayo bado tunayatafuta, nayo ni kumwezesha mwanafunzi kuandika insha yenye hoja yake mwenyewe. Katika mhadhara huu nakusudia kueleza insha ya uhakiki ni nini, inatofautianaje na muhtasari, na ni kwa njia gani lugha yenyewe humfichua mwandishi asiyehakiki.

Tuanze na hali ilivyo. Mwanafunzi anayeingia chuoni huja na orodha aliyoizoea tangu sekondari. Upande wa maudhui huandika dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Upande wa fani huandika muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mwisho kabisa huja kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Istilahi hizi si mbaya. Vitabu kama *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya (1976) na *Fasihi* cha F.E.M.K. Senkoro (1982) vilisaidia kuipatia taaluma yetu msamiati wa kujadiliana. Tatizo huzuka pale ambapo vyombo vya kufanyia kazi vinageuzwa kuwa kazi yenyewe. Fundi seremala hapimwi kwa kupanga misumeno na randa zake mezani. Hupimwa kwa kiti alichokitengeneza.

Insha ya uhakiki ni jibu kwa swali ambalo wasomaji wawili makini wanaweza kutofautiana juu yake. Tuchukue mfano wa *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Mwanafunzi akiandika kwamba riwaya hii inazungumzia uongozi mbaya, hajakosea, lakini pia hajasema jambo. Hakuna atakayembishia. Sasa tulinganishe na dai hili: katika *Kusadikika*, Karama haipingi mamlaka ya baraza linalomhukumu, bali anaitumia nafasi ya kujitetea mbele yake; hivyo ukombozi unaopendekezwa unabaki mikononi mwa mfalme yule yule. Dai hili linaweza kupingwa. Kwa sababu hiyo linahitaji ushahidi, na palipo na haja ya ushahidi ndipo uhakiki unapoanzia.

Ushahidi huo unapatikana wapi? Kwanza, katika shtaka lenyewe. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kueneza elimu ya uanasheria, yaani kosa lake ni kutaka watu waijue sheria. Pili, katika muundo wa utetezi wake. Anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja akarudi na maarifa yenye manufaa, na kila mmoja akalipwa adhabu. Mwanafunzi wa orodha ataandika kwamba mwandishi ametumia muundo wa visa ndani ya kisa, kisha atasonga mbele. Mhakiki atauliza: kwa nini sita? Kwa nini hakutosha mmoja? Mjumbe mmoja aliyedhulumiwa angeweza kuitwa bahati mbaya. Sita huonyesha desturi ya utawala. Hapo fani na maudhui vimekutana, kwa kuwa urudiaji wenyewe ndio hoja. Tatu, ushahidi upo katika hukumu. Haki inapopatikana, inatolewa na mfalme, si na umma.

Insha haijakamilika hapo. Mhakiki mwaminifu humpa nafasi mpinzani wake. Atakuwapo msomaji atakayesema kwamba mwandishi wa zama za ukoloni hakuwa na uhuru wa kumwangusha mfalme waziwazi, na kwamba mwisho wa riwaya ni stara ya mtu mwenye busara. Pingamizi hili lina uzito. Mwanafunzi anaweza kulikubali kwa sehemu, akaonyesha kwamba stara hiyo inaeleza sababu ya mwisho huo bila kuibadili maana yake. Anaweza pia kulikubali lote na kurekebisha dai lake. Kurekebisha dai mbele ya ushahidi ni alama ya usomi, wala si ya unyonge.

Sasa niruhusuni niseme kama mwanaisimu. Kiswahili kina kiambishi -ka-, ambacho kazi yake kubwa ni kufuatanisha matukio: alishtakiwa, akapelekwa barazani, akajitetea, akaachiliwa. Ni kiungo bora cha msimulizi. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuchukua insha na kupigia mstari kila -ka- ya namna hiyo. Ukurasa ukijaa mistari, mwanafunzi anasimulia upya kitabu ambacho mwalimu amekwisha kukisoma. Uhakiki hutegemea viungo vya namna nyingine: kwa kuwa, ilhali, licha ya, hivyo basi, isipokuwa. Viungo hivi hueleza sababu, tofauti na matokeo. Hali kadhalika, maneno kama huenda na yaelekea humfundisha mwandishi kupima kiasi cha uhakika alichonacho, badala ya kutangaza kila jambo kwa sauti moja.

Kosa jingine ni kuhukumu mahali pa kuchambua. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971) iliwahi kuzuiwa shuleni, na hadi leo baadhi ya insha humsuta Rosa kana kwamba mwanafunzi ni mshenga aliyeudhika. Swali la kihakiki ni tofauti: ukali wa Zakaria kwa binti yake unahusianaje na yale yanayompata baadaye akiwa mbali na nyumbani? Kumlaumu mhusika hufunga mjadala. Kutafuta chanzo huufungua.

Kwa nini haya yatushughulishe? Kwa sababu wengi wa wahitimu wetu huenda kufundisha. Mwalimu aliyekariri uchambuzi kutoka katika kijitabu cha dukani atawakaririsha wanafunzi wake, nao hawatakuwa na haja ya kuifungua riwaya yenyewe. Zaidi ya hayo, mtu asiyezoezwa kudai ushahidi darasani hataudai kwenye mkutano wa kijiji wala mahakamani. Karama mwenyewe aliokoka kwa sababu alijua kutoa dai, kulitetea kwa mashahidi sita, na kuwaachia wasikilizaji wapime.

Napendekeza basi mambo matatu. Kila swali la mtihani liulize jambo linaloweza kubishaniwa. Kila insha irudishwe kwa mwandishi wake angalau mara moja ili aiandike upya. Na jibu linalopingana na maoni ya mwalimu lipewe alama zake kamili, iwapo limejengwa juu ya matini.